Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu na bodi yake: mnawapunguza wanaojua nyumba

Bwana Mkurugenzi Mkuu, nanyi waheshimiwa wa bodi,

Pokeeni salamu kutoka kaunta ya Mombasa ya kampuni yenu ya kusafirisha vifurushi. Ama baada ya salamu, kilichonishikisha kalamu ni ile orodha iliyobandikwa ukutani juu ya mizani Jumatatu asubuhi, kabla hatujawafungulia wateja. Majina 7 ya wanaoachishwa kazi. Tuliisoma tukiwa tumesimama, funguo za stoo zingali mkononi, na mteja wa kwanza akigonga kioo kwa sarafu akidhani tumelala.

Nimeshaandika kwa njia ya ofisi mara mbili, kupitia meneja wa tawi. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa neno moja: "Imepokelewa." Hii ya tatu naiandika hadharani. Jina la kampuni silitaji. Woga upo, siukani, nina watoto wawili wa kulipiwa karo. Lakini kubwa zaidi ni kwamba wateja wana mizigo yao humu ndani na sitaki waje kesho wakisukumana mlangoni kudai katoni zao. Nyinyi wenyewe mnajijua.

Niliajiriwa 2009. Tawi lilikuwa na watu 31, na kila Idi ikikaribia tulikuwa tukiita vibarua zaidi. Leo tuko 19. Hao 7 wakiondoka tutabaki 12, na kati ya 12 hao hamna hata mmoja ambaye kazi yake ni kupeleka mzigo hadi mlangoni kwa mtu. Orodha yenu ina waendesha pikipiki wote wanne, dereva wa gari dogo, mpangaji mizigo wa alfajiri na mzee wa stoo. Mngalimtoa mmoja huku na mmoja kule, labda ningenyamaza kama nilivyonyamaza 2020 na tena 2023. Safari hii mmeng'oa kazi moja na mizizi yake, na kazi hiyo ndiyo tunayouza.

Kwanza niseme neno ambalo wenzangu hawatalipenda: hasara ni ya kweli. Anayekaa kaunta huiona kabla ya mhasibu. Zamani saa tisa alasiri nilikuwa sina pa kuweka kiwiko. Siku hizi saa tisa nafuta vumbi kwenye mizani.

Na biashara hii haikuanza kuponyoka jana. Wazee walionipokea kazini walikuwa wakihadithia bahasha za pesa: mtu wa Changamwe anakunja noti ndani ya barua ya mamake aliyeko Taita, anaapa mbele ya kaunta kwamba hamna kitu humo ila salamu, na karani anaipokea huku akijua. Machi 2007 ikaja M-Pesa, bahasha hizo zikakoma. Mimi nilikuta mifuko ya hundi. Kila jioni tulizunguka benki za Nkrumah Road na Moi Avenue kukusanya mifuko iliyofungwa kwa lakiri, ikapanda gari la usiku kwenda Nairobi, na mwisho wa mwezi benki zikalipa bila kelele. Mwaka 2011 benki zikaanza kutumiana picha za hundi badala ya hundi zenyewe. Mifuko ikapungua, kisha tukasahau hata inafungwaje.

Zikabaki karatasi za bandarini, na hizo ndizo zilizolilisha tawi hili. Wakala wa forodha anataka hati halisi ya shehena, kopi hataki, na anaitaka kabla ya saa nne asubuhi kwa sababu kontena likikaa bandarini linahesabiwa siku. Mtu mwenye karatasi kama hiyo mkononi hakuulizi bei. Mwaka 2014 ukazinduliwa mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, wakala wa serikali wa biashara ya nje, vibali vikawa vinaombwa na kutolewa kwa kompyuta. Agosti 2019 ikaja amri ya serikali kwamba mizigo ya Nairobi na ya bara ipande reli ya SGR na itolewe hukohuko. Hapa mjini watu waliandamana. Sisi tulikuwa tukihesabu wateja wa akaunti waliofunga ofisi zao moja baada ya nyingine. Amri ilitenguliwa Septemba 2022, lakini aliyekwisha kuhamisha meza, karani na watoto wake shule hakurudi kwa sababu tangazo limebadilika.

Basi tumebaki na maboksi, na kwenye maboksi kila mtu yuko.

Nendeni Mwembe Tayari saa mbili usiku mjionee. Kijana amepanga katoni ubavuni mwa basi, anaandika namba ya simu juu yake kwa kalamu nene, anapokea shilingi 200 au 300, anasukumiza ndani ya buti. Fomu hamna. Asubuhi mwenye mzigo anapigiwa simu aje achukue. Treni ya SGR ilipoanza kazi Juni 2017 na kuwazoa abiria, mabasi yalibaki na nafasi, na wenye mabasi si watu wa kuacha nafasi ilale. Basi litakwenda Nairobi lipate katoni au lisipate. Mafuta yake yameshalipwa na waliokaa vitini. Lori letu likienda nusu tupu, hiyo nusu tupu tunailipia sisi. Na tangu Julai 2023, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16, kila kilomita katika hizo karibu 480 inauma zaidi.

Ongezeni bodaboda, matatu za Malindi na za Ukunda, na vijana wa programu za simu. Kisheria, kubeba vifurushi kwa biashara ni kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, nasi yetu tunailipia. Wako wanaobeba bila hiyo. Mmelilalamikia sana jambo hili vikaoni, na mna haki. Ila katika miaka yote niliyokaa kaunta, hajatokea mteja akaniambia, "Dada, hebu nionyeshe leseni kwanza."

Kwa hiyo mbele ya bei ya basi hatufui dafu. Tuyaache hayo. Swali ni tuna nini ambacho basi halina. Niwaeleze kitu nilichokiona kwa macho yangu mwezi wa Shaabani uliopita.

Kulikuja kifurushi kutoka Nairobi, ukubwa wake kama sanduku la viatu vya mtoto. Juu kimeandikwa: Bibi, Mji wa Kale, karibu na msikiti wa Mandhry. Jina hamna. Namba ya simu ilikuwa ya jirani, na jirani amezima. Mfumo wetu unajua la kufanya hapo: piga mara 3, andika "hapatikani", rudisha rafuni, baada ya siku 7 anza kutoza ada, baada ya siku 14 mrudishie aliyetuma. Mwenzetu wa pikipiki alikichukua, akakitikisa karibu na sikio, akasema, "Chupa hizi. Ni za yule bibi wa ngazi."

Saa zangu za kazi zilikuwa zimekwisha na njia yangu ya nyumbani hupita huko, nikafuatana naye. Pikipiki tuliiacha mwanzo wa kichochoro, maana humo ndani hata mkokoteni wa maji hupita kwa kuombwa njia. Akamsalimu muuza kahawa, akauliza kama bibi yuko au amekwenda kwa mwanawe Kizingo. Yuko. Akapiga hodi.

"Nani?"

"Ni mie, mwanao wa mizigo."

"Ndiwe ulonletea zile za Rajabu?"

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya ngoja nijitande. Na safari hii mbona mumekawia? Jicho laniwasha siku ya tatu leo."

Alishuka ngazi taratibu, mkono mmoja ukutani, leso kichwani. Pa kutia sahihi hakupaona. Mwenzangu akamshika kidole akakielekeza. Kisha akafungua kifurushi mbele yake, akamsomea maandishi ya kwenye chupa kwa sauti, matone mangapi, asubuhi na usiku, akamwambia asiiweke dirishani jua likaipata. Katika kazi aliyoandikiwa hilo halimo. Tulikaa pale dakika 11. Najua ni 11 kwa sababu ripoti yenu ya mwezi ilizionyesha kwa rangi nyekundu mbele ya namba yake, na meneja akamwita kujieleza.

Mji huu, waheshimiwa, watu hawaishi kwa namba za nyumba. Sanduku la Posta, 80100 Mombasa, huifikisha barua Posta. Mlango wa mtu ni habari nyingine. Kisauni utaelekezwa "pale palipokuwa na mwembe", na mwembe ulikatwa kabla hujazaliwa. Likoni utaambiwa "kwa fundi wa redio", na fundi siku hizi anauza chipsi. Ile programu mliyotuletea inataka mteja atie alama kwenye ramani. Mama mmoja wa Likoni alama yake iliangukia majini, katikati ya njia ya feri, na mfumo ukaandika kwa herufi za kijani: anwani imethibitishwa. Tulicheka hadi mchana. Mzigo aliufikisha dereva wetu wa gari dogo. Jina lake ni la tatu kwenye orodha.

Watu hawa wanajua vitu ambavyo hamtavikuta kwenye faili lolote. Wanajua kwamba wachuuzi wa jumla wa Kongowea uwahi kuwapata asubuhi mapema, jua likishapanda wameshahesabu pesa na kwenda zao. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu usimpigie mtu hodi Majengo, utaambiwa yuko msikitini na utakuwa umemwamsha mtoto bure. Mwezi wa Ramadhani wanabadilisha ratiba nzima wenyewe, bila waraka kutoka makao makuu, kwa sababu wanajua ni nyumba gani hulala hadi adhuhuri. Wanajua kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni si njia, ni kifungo. Wanajua foleni ya Mtwapa inavyokula petroli, kwa hiyo mizigo ya huko huikusanya ikatosha, wakaenda mara moja. Mpangaji wa alfajiri ndiye anayefanya hesabu hiyo. Hufika saa kumi na moja alfajiri, anapanga magunia kwa mitaa na kwa nani yuko nyumbani saa ngapi, na tukifika sisi saa mbili kazi imeshanyooka. Katika orodha mmemwandika "mzigo wa ziada wa mishahara".

Mtaniambia: mteja wa leo anatazama bei tu. Kuna mama wa Bondeni anayepika mabuyu na kutengeneza achari ya maembe. Alianza na ndoo mbili kwa wiki, oda zote kwa simu, akituma Nairobi, Kisumu hadi Eldoret. Alipofika ndoo 20 bado alikuwa wetu. Mwaka 2022 akatoweka. Siku moja nikakutana naye Markiti akichagua pilipili, nikamuuliza, "Mama, mbona umetukimbia? Ni bei?"

"Bei?" akasema. "Mwanangu, hata basi nalo lina gharama zake. Ndoo yangu ilimwagika kwenu. Nikapiga simu, nikaambiwa nibonyeze moja. Nikabonyeza. Nikaambiwa nibonyeze tatu. Nikabonyeza. Nikaanza kuimbiwa. Basi likimwaga achari yangu, angalau namjua wa kumtukana."

Hiyo ndiyo namba moja ya taifa zima mliyotuwekea mlipoondoa simu ya kaunta 2021. Mlisema itaokoa gharama, na nina hakika iliokoa. Ndoo 20 kwa wiki zilihamia Mwembe Tayari na hakuna safu ya ripoti inayoonyesha hasara hiyo ilitokana na simu. Imeandikwa chini ya "ushindani".

Kwenye kikao cha mtandaoni mwezi uliopita mlitusomea habari za UPS, kampuni ya vifurushi ya Marekani, kwamba Aprili 2025 ilitangaza kupunguza nafasi za kazi 20,000 mwaka huo, ili tuone kwamba hata majabali hutikisika. Usiku ule nilikaa nikasoma yaliyobaki. Januari ya mwaka huohuo UPS ilisema imekubaliana na Amazon, mteja wake mkubwa kuliko wote, kwamba mizigo ya Amazon ipungue kwa zaidi ya nusu kufikia nusu ya pili ya 2026, kwa sababu ni mizigo mingi yenye faida finyu. Yaani walikaa kwanza wakachagua mizigo ya kuacha. Siwasifu, watu 20,000 ni nyumba 20,000. Lakini nyinyi hamjataja mzigo hata mmoja mtakaouacha. Mmechagua kuacha wabebaji, mizigo ikabaki palepale ikingoja.

Na kama tegemeo lenu ni programu, kumbukeni Sendy, kampuni ya usafirishaji mizigo iliyoanzia hapahapa Kenya, ikapata wawekezaji wa nje na programu iliyosifiwa kila mahali. Ilifunga kazi 2023.

Sasa nije kwenye ile karatasi ya kurasa mbili. Wenzetu wanne wa pikipiki walipewa mkononi. Inasema anayetaka anaweza kurudi kama "mshirika wa usambazaji": pikipiki yake, petroli yake, simu yake, na malipo kwa kila mzigo uliofika. Sharti la kwanza ni kutia sahihi kwamba ameacha kazi kwa hiari yake. Walipewa hadi Ijumaa. Mmoja aliniletea nimsomee, kwa kuwa imeandikwa Kiingereza cha mawakili, nikaisoma mara tatu nikihisi nimekosea.

Mimi si wakili. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inapatikana na inasomeka, na kifungu cha 40 kinazungumzia hasa hiki mnachokifanya. Asiye na chama cha wafanyakazi anastahili kupewa ilani kwa maandishi, yeye binafsi, na afisa wa kazi naye aarifiwe. Orodha juu ya mizani si barua ya mtu binafsi. Kuchagua nani aondoke kunapaswa kuzingatia nani ametangulia kazini, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Katika hao 7, watano waliingia kabla yangu. Kuna likizo ambazo hazikuchukuliwa, zilipwe kwa pesa. Kuna ilani ya mwezi mmoja au mshahara wake. Na kuna malipo ya kuachishwa, yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mzee wa stoo ametimiza miaka 22. Mara siku 15, hizo ni siku 330, mshahara wa miezi 11. Waliotoka 2023 walipewa bahasha ya mwezi mmoja na keki. Keki niliikata mimi mwenyewe, na sitaikata tena.

Anayetia sahihi kwamba ameacha kwa hiari anajitoa katika hesabu hiyo yote kwa mkono wake. Aliyeandika karatasi ile analijua hilo, vinginevyo lisingekuwa sharti la kwanza.

Mwaka juzi mmoja wa wanne hao alianguka Kibarani, mvua za Mei, lami ikiwa na utelezi wa mafuta ya malori. Mfupa wa paja. Alilala hospitali wiki tatu, na kwa kuwa alikuwa mwajiriwa, Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya 2007 ilimkinga yeye na watoto wake. Mshirika wa usambazaji akianguka palepale kesho asubuhi, atalipwa kwa mizigo iliyofika. Ule aliokuwa nao haukufika.

Sitaki kuonekana nimekuja na lawama mikono mitupu. Nina wazo, na nimelizungusha kichwani tangu mwaka jana, hata kama meneja wangu alicheka. Acheni kushindana na mabasi barabarani. Kati ya Nairobi na Mombasa hamtawaweza, nimeshaeleza kwa nini. Kodisheni nafasi kwenye buti zao kwa usiku ambao mizigo yetu haijazi lori, mkiweka makubaliano, magunia yafungwe kwa lakiri kama mifuko ya hundi ya zamani. Lori moja liuzwe. Hizo pesa za dizeli na matairi ziwalipe wanaotembea mjini. Kisha muwaendee haohao wenye mabasi na muwaambie: katoni zenu zinazolala hapa Mwembe Tayari zikingoja wenyewe waje, tuachieni tuzifikishe nyumbani. Mama wa Mikindani hataki kupanda matatu mbili kufuata katoni ya shilingi 300. Atalipa apelekewe, na ndoo ikimwagika awe na mtu wa kumpigia, mwenye jina, anayejua ndoo ilikuwa ya rangi gani. Wao wana buti, sisi tuna miguu. Kwa orodha hii mtabaki hamna buti wala miguu, mna kaunta tu na mimi nafuta vumbi.

Huenda hesabu yangu ina matundu. Basi niiteni tuizibe. Nitakuja Nairobi kwa nauli yangu, kwa basi, nikiwa nimebeba rejista za miaka mitatu ambazo hakuna aliyewahi kuniomba. Humo mtaona mteja gani aliondoka mwezi gani, na pembeni kwa kalamu nyekundu nimeandika alichosema alipokuwa akiondoka.

Jambo dogo kabla sijamaliza, kwa kuwa limenichosha. Fundi aliyepaka magari rangi mpya Februari bado anadai mabaki yake. Namba aliyopewa ni ya taifa zima, kwa hiyo hunipigia mimi. Mlipeni.

Ninachoomba kwa sasa ni kidogo. Orodha iondoke ukutani. Karatasi ya "hiari" irudishwe ilikotoka kabla ya Ijumaa, kabla mtu hajatia sahihi kwa hofu ya kodi ya nyumba. Afisa wa kazi aarifiwe na mwezi wa ilani uhesabiwe upya. Na katika mwezi huo, mmoja wenu, yeyote, aje Mombasa apande nyuma ya pikipiki siku moja nzima, kutoka magunia ya alfajiri hadi kivuko cha jioni. Chakula cha mchana kwangu.

Na kuna hili la leoleo. Rafu ya tatu, upande wa dirisha, kuna kifurushi kidogo kutoka Nairobi kimefika jana usiku. Bibi, Mji wa Kale, karibu na msikiti wa Mandhry. Simu ya jirani imezimwa tena. Mfumo umeshaandika "hapatikani" mara mbili na ya tatu itaandikwa kesho saa tatu. Mwenzetu anayemjua ni namba 4 kwenye orodha, na Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Nimekitia kwenye mkoba wake mwenyewe, atakipeleka Alhamisi baada ya alasiri. Zikitokea dakika 11 za rangi nyekundu kwenye ripoti ya mwezi huu, ziandikeni kwa jina langu.

Ni mimi,
Karani wa kaunta, tawi la Mombasa